Theluji si Ngeni Jangwani

Ilikuwa mwanzo wa Januari, baada ya sala ya Isha, nilipofika barazani kwetu Mji wa Kale nikakuta maneno yamepamba moto hata kahawa imesahauliwa vikombeni. Kijana mmoja alikuwa ameleta picha katika simu yake. Ilionyesha vilima vya mchanga wa rangi ya dhahabu, na juu ya mchanga ule weupe umetanda kama unga uliochekechwa. Chini ya picha pameandikwa kwamba hilo ni jangwa la Sahara, na kwamba theluji imeanguka huko mara ya kwanza tangu dunia kuumbwa.

Baraza ikagawanyika. Wako waliosema ni uongo mtupu, kwamba siku hizi mtu mwenye simu na wakati wa kupoteza anaweza kumvisha hata papa kanzu. Wako waliosema, la, ni kweli, na hiyo ni katika dalili za Kiyama. Na mmoja, ambaye hakuna jambo ulimwenguni asilolijua, akasema kuna mataifa makubwa yanayochezea mawingu. Aliyecheka kuliko wote ni ami yake msichana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye yuko Tabuk, kaskazini ya Saudi Arabia, akifanya kazi ya nyumbani. "Na mtoto wetu naye," akasema, "kila akipiga simu analia baridi. Baridi ya wapi, Arabuni? Huyo anatafuta njia ya kurudi."

Kicheko kile ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Picha ya theluji jangwani ni kitu cha kupitishia wakati. Lakini mtu akikwambia anaona baridi, nawe ukamwita mwongo kwa sababu ya jangwa ulilolichora mwenyewe kichwani, hapo jambo limekuwa zito. Kwa hivyo, ndugu msomaji, hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Tuanze na picha yenyewe. Picha ile ni ya kweli, ila maneno yaliyoandikwa chini yake si ya kweli. Mahali pale ni Ain Sefra, mji mdogo wa Algeria ambao jina lake maana yake ni chemchemi ya manjano, na ambao Waalgeria huuita lango la jangwa. Theluji ilionekana katika Sahara ya Algeria Februari 1979, ikaanguka kwa muda wa kama nusu saa. Ikaanguka Ain Sefra Disemba 2016, ikarudi Januari 2017, ikarudi tena Januari 2018, kisha 2021, kisha 2022. Mgeni anayebisha hodi mara zote hizo si mgeni tena. Mji wenyewe umekaa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa milima ya Atlas, na wenyeji wake wanayo makoti.

Lakini wale waliosema uongo nao hawakukosa kabisa, maana uongo upo. Disemba 2013 ilipopita dhoruba kubwa ya baridi katika nchi za Mashariki ya Kati, ilizunguka duniani picha ya Sphinx, yule simba wa mawe mwenye kichwa cha mtu huko Giza, amefunikwa na theluji. Watu wengi waliiamini. Ikaja kujulikana kuwa picha ile haikupigwa Misri hata kidogo. Ilipigwa Japani, katika bustani ya burudani ambamo majengo mashuhuri ya dunia yamejengwa kwa vipimo vidogo. Kwa hakika theluji ya kweli siku zile ilianguka Misri, lakini ilianguka katika milima ya Sinai, upande wa Santa Katarina, ambako si ajabu kuanguka.

Kisha kuna kosa la tatu, ambalo si uongo bali ni kuchanganya vitu. Novemba 2024 habari zilienea kwamba theluji imeanguka Al-Jawf, kaskazini ya Saudi Arabia, mchanga ukageuka mweupe na maji yakatiririka mabondeni. Weupe ule kwa sehemu kubwa ulikuwa mvua ya mawe. Sisi Wakenya tusiwacheke, kwani Septemba 2008 watu wa karibu na Nyahururu waliamka wakakuta mashamba meupe, wakafurahi kuwa wameletewa theluji, na wataalamu wa hali ya hewa wakaja kueleza kwamba ni mvua ya mawe iliyogandamana. Mvua ya mawe huzaliwa ndani ya wingu la radi, na yaweza kuanguka hata siku ya joto. Theluji ni kitu kingine. Ni mvuke unaoganda angani ukawa nyota ndogo ndogo laini, na ili ifike chini haijayeyuka, sharti hewa ya chini nayo iwe baridi.

Basi baridi hiyo jangwani inatoka wapi?

Nadhani kosa letu linaanzia kwenye neno. Tukisikia jangwa twafikiri moto. Wanajiografia hawalipimi jangwa kwa moto. Hulipima kwa ukavu. Mahali panapopata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka, aghalabu huitwa jangwa, pakiwa pa moto pasiwe pa moto. Mombasa yetu hupata kiasi cha milimita 1,000 na zaidi. Kwa kipimo hicho, jangwa kubwa kuliko yote duniani si Sahara, yenye kilomita za mraba milioni 9 hivi, bali ni Antaktika, bara la kusini kabisa la dunia, lenye kilomita za mraba milioni 14. Barafu iliyoko huko ni nene kama milima, lakini imekusanyika kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Kinachoanguka katikati ya bara lile kwa mwaka ni kidogo mno.

Na ukavu huo huo ndio unaoleta baridi. Hewa yetu ya Pwani imejaa unyevu, na unyevu ule ni kama blanketi tulilofunikwa usiku kucha. Ndiyo maana mchana tukiwa na nyuzi 30, alfajiri bado tuna nyuzi 23 au 24 na shuka tunalitupa miguuni. Jangwani hakuna blanketi. Mbingu zi tupu, hakuna wingu, hakuna mvuke. Jua likichwa, moto wote ambao mchanga umeukusanya mchana hupaa ukaenda zake juu. Tofauti ya mchana na usiku yaweza kufika nyuzi 20. Sasa chukua usiku kama huo, ukaweke mwezi wa Disemba au Januari, wakati jua limehamia kusini na usiku umerefuka, kisha panda nao mlimani, ambako kila mita 1,000 hupunguza nyuzi 6 hivi. Hutahitaji mtu wa kukuapia kuwa maji yameganda.

Hata hivyo baridi peke yake haizai theluji, kama vile unga peke yake hauzai mkate. Maji hayana budi kupatikana. Kwa majangwa ya Waarabu, maji hayo hutoka bahari ya Mediterania, ambayo mvua zake huja wakati wa baridi. Kila mwaka kati ya Disemba na Machi hutokea kwamba hewa baridi iliyoshuka kutoka Ulaya au Urusi inakutana na mawingu ya bahari ile, zikasukumana pamoja kuelekea kusini mpaka zikagonga milima. Hapo ndipo theluji huanguka. Huanguka Atlas, huanguka Sinai, huanguka katika Jabal al-Lawz, yaani mlima wa lozi, ulioko karibu na Tabuk na ambao kimo chake ni kama mita 2,500. Mara chache sana dhoruba hufika mpaka bondeni. Baghdad iliona theluji Januari 2008, wazee wakasema hawajapata kuiona maishani mwao, kisha ikaiona tena Februari 2020. Katika Imarati, kilele cha Jabal Jais huko Ras al-Khaimah kilifunikwa Januari 2009. Na Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaishi na Kiswahili chao, mlima mrefu kuliko yote unaitwa Jabal Shams, Mlima wa Jua, na mlima huo wa jua miaka mingine huamka umevaa nyeupe.

Lakini katikati ya Sahara penye mchanga mtupu, au katika lile jangwa la Rub al-Khali, hakuna wa kungojea theluji. Kwa hivyo mtu akikwambia Sahara imefunikwa na theluji, muulize Sahara ipi. Atakuwa anazungumza juu ya kingo na milima yake.

Katika mambo haya sisi watu wa Pwani tulikuwa na haki ya kuwa wa mwisho kushangaa. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, pale pale nyuma ya Mombasa, akaenda bara na msafara wake, na tarehe 11 Mei akauona mlima wa Kilimanjaro una weupe kileleni. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu, baridi. Rebmann alipoandika kwao kwamba kuna theluji karibu na Ikweta, mabwana wa jiografia walioketi London, na hasa Desborough Cooley, walimkatalia kwa miaka. Walikuwa wameshaamua kuwa Afrika ni joto, na hakuna theluji mahali pa joto. Leo sisi tumekaa barazani tunasema maneno ya Cooley.

Huko kwingine nitapita haraka, kwa kuwa ushahidi ni mwingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Jangwa la Taklamakan, nchi ya Waislamu wa Uighur huko magharibi ya China, lilifunikwa na theluji karibu lote mwaka 2008. Jangwa la Gobi huona theluji kila mwaka. Na jangwa la Atacama nchini Chile, ambalo husemwa kuwa ni miongoni mwa mahali pakavu kuliko pote duniani, lilipata theluji Juni 2025 hata ikafika katika kambi ya watazama nyota wa ALMA, yenye kimo cha mita 2,900, ambako haikuonekana kwa miaka 10.

Sasa turudi Arabuni, maana ndiko kulikonishughulisha.

Msomaji anayehudhuria maziko, na nani kati yetu asiyehudhuria, ameisikia theluji mara nyingi kuliko anavyodhani. Katika dua tunayomwombea maiti ndani ya sala ya jeneza, iliyopokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, tunamwomba Mwenyezi Mungu amwoshe ndugu yetu kwa maji na theluji na mvua ya mawe. Tunaitikia amin na kuchukua jeneza. Je, tumewahi kusimama tukajiuliza kwa nini watu wa Madina walifundishwa kuomba kwa kitu ambacho sisi twadhani hawakukijua? Walikijua. Neno letu theluji lenyewe tumelitoa katika Kiarabu, thalj, na mtu hukopeshwa neno na aliye nalo.

Na si hilo tu. Surat Quraysh yawataja Makureshi na safari zao mbili, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Wafasiri wametueleza kuwa wakati wa baridi walikwenda Yaman, na wakati wa joto wakaenda Sham. Wafanya biashara wale walijua vyema ni mwezi gani njia ya kaskazini haifai. Katika vita vya Handaki, mwaka 627, jeshi la maadui waliouzunguka Madina lilivunjwa na upepo, na masahaba waliokuwako wamesimulia ukali wa baridi ya usiku ule, hata mtu akaona uzito kuinuka alipokaa. Kaumu ya Adi, watu wa nchi ya mchanga, waliangamizwa kwa upepo uliovuma masiku saba na siku nane, na wafasiri wengi wameueleza kuwa ni upepo wenye baridi kali. Jangwa lile la moto mtupu, lisilo na baridi, sikuliona katika vitabu vyetu. Nimeliona katika filamu.

Waarabu wa jangwani, kama wazee wetu waliohesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi ili wajue lini watweke na lini wafunge, wameigawa baridi yao kwa mahisabu. Kuna arubaini, zile siku arubaini wanazoziita marbaaniya, zinazoanza wiki ya kwanza ya Disemba mpaka katikati ya Januari, na ndizo kali. Kuna nyingine baada yake. Na mwishoni, kati ya Februari na Machi, wakati mtu ameshaanza kukunja mablanketi, hurudi siku chache za baridi wanazoziita baridi ya ajuza, yaani ya bibi kizee. Mahema yao wameyafuma kwa manyoya ya mbuzi, ambayo yakilowa hufura na kuziba matundu. Wana farwa, joho zito lenye ngozi ya kondoo ndani yake. Nasi hapa Pwani twalijua neno bushuti tangu zamani, kitambaa cha sufu kilichokuja na majahazi. Nani angefuma sufu nchini kwa jua tupu?

Mzee mmoja katika baraza yetu, baharia wa zamani, alikuwa kimya muda wote ule wa kubishana. Alipoulizwa akasema, "Mimi nililala Basra mwezi wa Disemba, tukingoja shehena ya tende. Tulilala watatu chini ya tanga moja, na asubuhi kamba hazishikiki." Hakuongeza neno.

Wakubwa nao waliifanya theluji kuwa anasa. Mwanahistoria Tabari ameandika kuwa Khalifa al-Mahdi alipokwenda Hija katika mwaka wa 160 wa Hijria, yaani 777, aliletewa theluji mpaka Makka, na kwamba yeye ndiye khalifa wa kwanza kupelekewa theluji huko. Hebu fikiri ngamia wale walivyokwenda mbio! Baadaye masultani wa Kimamluki walikuwa wakichukuliwa theluji kutoka Sham hadi Misri, kwa ngamia na kwa vyombo vya baharini, ili wanywe kinywaji baridi. Siku hizi Dubai imepata njia fupi. Tangu 2005 theluji hutengenezwa kwa mitambo ndani ya jengo la maduka, na watu huteleza juu yake hali nje ni nyuzi 40.

Januari 2015, theluji ilipoanguka upande wa Tabuk, baba mmoja alimwuliza mwanachuoni wa Saudia kama yafaa watoto wamjenge mtu wa theluji. Akajibiwa kuwa sanamu ya chenye roho haifai hata kwa mchezo, ila wajenge jahazi, matunda au nyumba. Watu walibishana sana juu ya jibu lile, na mimi si mwanachuoni wa kuliingilia. Nililoliona mimi ni swali. Baba yule hakuuliza kama dunia inakwisha. Aliuliza watoto wacheze mchezo gani.

Hapo ndipo nawaendea ndugu zangu wa kundi la pili, wa dalili za Kiyama. Hadithi wanayoitegemea ipo, imo katika Sahihi ya Muslim, na inasema kuwa Saa haitasimama mpaka ardhi ya Waarabu irudi kuwa malisho na mito. Sina ubishi nayo. Lakini hadithi inataja malisho na mito, haikutaja theluji, na theluji ilikuwako Arabuni wakati hadithi ikisemwa. Kadhalika inasema irudi, na kurudi ni kwa kitu kilichokuwako. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta katika jangwa la Nefud mahali palipokuwa maziwa ya maji zamani za kale. Ama Saa yenyewe, elimu yake iko kwa Mola, na kila anayeipangia tarehe kwa picha ya simu anajitwika mzigo asiouweza. Ninachokiogopa mimi ni kwamba tukishasema Kiyama tunaacha kuuliza nani yuko nje katika baridi ile.

Maana wako watu nje. Kambi ya Zaatari, iliyofunguliwa Julai 2012 katika ardhi kavu ya kaskazini ya Jordan kwa ajili ya wakimbizi wa Syria, ilipata kuwa na watu kiasi cha 80,000. Januari 2015 dhoruba ya theluji iliwakuta, na yako mahema yaliyowaangukia waliolala ndani. Picha za siku zile nazo zilikuwa nzuri, ukipenda kuzitazama kwa uzuri: hema nyeupe, ardhi nyeupe, mtoto wa koti jekundu. Mtoto yule miguuni alikuwa na kandambili.

Wafugaji wa Mongolia, ambao jangwa la Gobi limo nchini mwao, wana neno dzud kwa majira ya baridi yanayoua mifugo. Dzud nyeupe ni theluji nyingi hata mnyama hafikii majani. Dzud ya chuma ni theluji iliyoyeyuka kidogo ikaganda tena kama bati. Na dzud nyeusi ndiyo iliyonishangaza nilipoisoma. Hiyo ni baridi isiyo na theluji, mnyama akafa kwa kiu, kwa kuwa jangwani wakati wa baridi theluji ndiyo maji yake. Katika majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024 walipoteza wanyama zaidi ya milioni 7. Mtu wa Garissa au wa Tana River aliyezika ng'ombe zake wakati wa ukame hahitaji kufasiriwa hesabu hiyo.

Kwa hivyo theluji jangwani yaua, na pia yahuisha, na la pili husahauliwa. Konde za tende na mashamba ya kusini ya Moroko hunywa maji ya mito na mifereji inayoshuka kutoka Atlas, ambako theluji ya Januari huwa maji ya Aprili. Mji wa Hotan ukingoni mwa Taklamakan haungekuwako lau si theluji ya milima ya Kunlun. Mlima huweka akiba, bonde likala. Theluji ikipungua mlimani, aliye bondeni huona upungufu miezi mitatu minne baadaye, wakati wenye kupiga picha wameshaondoka.

Hapo pia ndipo penye jibu kwa wanaosema kuwa theluji ya Sahara yaonyesha dunia haipati joto. Asubuhi moja nyeupe Ain Sefra haifuti miaka. Moroko ilipitia ukame wa miaka mingi mfululizo, mvua na theluji zikapungua, malisho yakakauka, kondoo wakapungua, mpaka Februari 2025 Mfalme Mohammed wa Sita akawaomba raia wake wasichinje katika Idi ya kuchinja ya mwaka ule. Msomaji Mwislamu afikirie uzito wa ombi hilo. Na katikati ya ukame huo, Septemba 2024, mvua kubwa iliipiga kusini mashariki ya nchi hiyo hata ziwa Iriqui, lililokuwa kavu kwa kama miaka 50, likajaa maji. Hewa iliyopata joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Ikinyima hunyima sana, na ikitoa hutoa kwa fujo. Anayechezea mawingu, basi, ni sisi sote pamoja na moshi wetu, ingawa wenye viwanda vikubwa wamechangia zaidi.

Nayasema haya yote nikirudi kwa yule binti wa Tabuk. Mji wake uko kwenye uwanda wa juu, kama mita 750 hivi, na usiku wa Januari joto huko huweza kushuka chini ya sufuri. Wakala aliyempeleka, hapana haja ya kumtaja, alimwambia achukue nguo nyepesi kwa kuwa Arabuni ni joto. Alifika Disemba, yaani ndani ya ile arubaini. Kazi yake ya kwanza kila siku ni kuosha ua kabla jua halijatoka, na maji ni ya bomba la nje. Vidole vyake vimepasuka. Alipomweleza mama yake kwa simu, mama aliamini, kwa kuwa ni mama. Lakini jamaa wakasema mtoto ni mvivu, na ami yake akasema tuliyoyasikia.

Vijana wetu wengi wanakwenda nchi zile, na wataendelea kwenda, kwa kuwa kazi hapa ni haba. Wanafundishwa, wanapofundishwa, jinsi ya kutumia mashine ya kufulia na namna ya kusema ndiyo na hapana. Sijapata kusikia mmoja aliyeambiwa achukue soksi. Mkataba ungeweza kutaja koti na blanketi kama unavyotaja siku ya mapumziko, na wakala angeweza kuulizwa na mzazi, kabla ya pasipoti kutoka mkononi, mtoto anapelekwa mji gani na mwezi gani. Jedda ya Januari, iliyo pwani, si Tabuk ya Januari, wala Tabuk ya Julai si Tabuk ya Januari.

Usiku ule barazani, mzee wa Basra alimgeukia ami yake binti akamwuliza kwa upole, "Mtoto yuko upande gani, bwana? Pwani au juu?" Akajibu, "Juu, Tabuk." Mzee akasema, "Basi mwamini."

Wiki iliyofuata jirani mmoja alikuwa akienda Umra. Ami mtu ndiye aliyekwenda sokoni mwenyewe, akanunua sweta mbili, soksi jozi nne, glavu na blanketi jepesi, na mama akatia chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya vidole. Jirani alikifikisha kifurushi Jedda, na kutoka huko kikatiwa katika basi la kwenda kaskazini. Kilifika Tabuk mwisho wa Januari. Arubaini ilikuwa imekwisha, lakini baridi ya ajuza ilikuwa bado mbele.